Mwaka Niliokunywa Mrututu

Ndugu uliyeambiwa kwamba figo zako zimesimama, na wewe uliyeambiwa kwamba zimeamka na sasa umepona, nawaandikia ninyi wawili. Mimi si tabibu. Ni mkulima wa kahawa wa Kitura, na kwa miaka mingi nilikuwa katekista wa kigango chetu. Niliugua hadi watu wakaanza kuulizana wapi pa kunizika, na Mungu akanirudisha. Lakini moyo niliorudi nao si ule nilioondoka nao, na hilo nataka mlijue kabla hamjashangilia kama nilivyoshangilia mimi. Kuna pia jambo la pili, ambalo ni la aibu. Nilipokuwa nimelala hospitalini, mke wa mdogo wangu alifukuzwa nyumbani akiitwa mchawi, kwa sababu mimi sikufungua kinywa.

Asiyelima kahawa huenda haujui mrututu. Ni yale mawe ya buluu tunayoyeyusha kwenye pipa, tukachanganya na chokaa, tukanyunyizia mibuni mvua zinapozidi ili majani yasishikwe na ugonjwa. Miaka ile kijiji chetu kilikuwa na shamba la ujamaa, na stoo ya shamba ilikuwa na kufuli moja. Ufunguo nilipewa mimi. Walisema katekista haibi.

Tumbo lilikuwa linanisumbua tangu kabla ya Jumatano ya Majivu. Linajaa, linanguruma, halitulii. Na kwetu kulikuwa na neno la wazee wa kahawa, kwamba mrututu unakausha kidonda cha mguu, unaua ugonjwa wa jani, basi hata tumboni utasafisha. Neno hilo wengi walilijua, wachache walilithubutu. Ningeweza kwenda zahanati, lakini ulikuwa wakati wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia mvua isibebe udongo, na sikutaka kupoteza siku. Kwa mganga wa kienyeji ndiko kabisa nisingeenda, maana kila Jumapili nilikuwa nawakataza watu. Basi Ijumaa moja ya Kwaresima nilifungua stoo, nikachukua kipande, nikakiyeyusha katika kikombe cha maji. Nilifanya ishara ya msalaba, nikanywa. Katika yote, ile ishara ya msalaba ndiyo inayoniuma zaidi hata leo.

Sikufika mbali. Nilitapika katikati ya mibuni, matapishi ya kijani, nikayafukia kwa jembe kama paka. Hakuna aliyeniona. Mke wangu Skolastika alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake, kwa hiyo jioni nilikwenda kula kwa mdogo wangu Damasi, nyumba ya jirani. Mke wake, Eufrasia, alinipikia ugali na maharage. Nilimeza matonge matatu nikashindwa.

"Shemeji, chakula kibaya?"

"Chakula kizuri. Ni tumbo tu."

"Basi kesho nakuletea uji mapema. Na usije ukasema umeshiba kwa sala."

Damasi alicheka. Hata mimi nilicheka. Huo ndio ulikuwa mlo wangu wa mwisho katika nyumba ile.

Siku ya pili mkojo wangu ulikuwa na rangi ya kahawa iliyochemshwa. Siku ya tatu yalitoka matone. Siku ya nne hayakutoka hata hayo. Macho yalikuwa ya manjano, uso umevimba asubuhi hata kope hazifunguki vizuri, na nilikuwa na kwikwi isiyoisha, kwikwi ya mchana kutwa, hadi mbavu zikauma. Mdomoni nilisikia ladha ya chuma. Ngozi iliniwasha mwili mzima. Skolastika alirudi akanikuta hivyo, akavua kanga yake ya pili akaifunga kwenye miti miwili, akaita watu wa kigango.

Barabara ya kupanda ilikuwa imekatika kwa mvua, daraja limekwenda na maji. Walinibeba kwa machela kuteremka, wakipokezana, hadi tulipopata lori la ushirika lililokuwa linakwenda ziwani. Kaka yangu mkubwa, Kasiani, alikaa kichwani pangu safari nzima akinikinga mvua kwa jani la mgomba. Namtaja kwa wema huo kwanza, kwa sababu nitamtaja tena.

Hospitali ya kule ziwani ilikuwa na benchi refu la saruji nje, chini ya bati. Tulikaa hapo tangu saa tatu hadi saa nane. Kina mama wa Kinyasa walikuwa na watoto wenye homa, na mmoja alikuwa na kapu la usipa waliokaushwa, wale dagaa wa kwao, na harufu ile ilinitapisha ingawa tumboni hamkuwa na kitu. Alihamisha kapu lake bila kuambiwa, akanipisha nilale. Sikumjua jina. Nimemwombea miaka yote hii.

Tabibu alikuwa kijana Mwislamu wa kutoka Pangani, serikali ilimhamishia huko. Nitamwita Salehe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Umekunywa dawa gani?"

"Sijanywa dawa."

"Hata ya kienyeji?"

"Mimi ni katekista."

"Sikuuliza kazi, mzee. Nimeuliza dawa."

Kasiani alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilifikiria stoo, nikafikiria mali ya kijiji, nikafikiria Jumapili zote nilizosimama mbele za watu kuwakemea wanywa mizizi. Nikasema, "Nilikula kwa shemeji yangu. Tangu hapo ndipo nilipoanza."

Kila neno la sentensi hiyo mtu angeweza kulitetea. Ndivyo nilivyojiambia. Kesho yake Kasiani aliaga akapanda kurudi nyumbani.

Kuhusu matibabu nitasema yale tu niliyoyaona kwa mwili wangu. Kila asubuhi muuguzi aliinua chupa yangu ya mkojo akaitazama kwenye mwanga, na kila asubuhi aliiweka chini tupu. Maji nilipewa kikombe kimoja kidogo kwa siku nzima, na nje ya dirisha kulikuwa na ziwa lisilo na mwisho. Chumvi hapana. Maharage hapana. Ndizi hapana. Hilo la ndizi nililiona ni ushamba wa mtu wa pwani, na Skolastika alipoletewa ndizi mbivu na wenyeji nilikula mbili. Kufika alasiri moyo ulianza kuruka. Ulipiga, ukanyamaza, nikahesabu, ukapiga viwili pamoja kama mtu anayejikwaa. Salehe alishika mkono wangu kwa muda mrefu, halafu akaona maganda.

"Mzee, figo zikilala, ndizi inakwenda kuusimamisha moyo. Unataka kufa kwa tunda?"

Ndiyo siku niliyojua kwanza kwamba figo haziugui peke yazo.

Kitanda cha pili alilala seremala mmoja wa Kinyasa, Mzee Yohana, ambaye moyo wake ulikuwa umepanuka siku nyingi. Alikuwa haachi utani.

"Ninyi watu wa milimani mmezoea kupanda tu," aliniambia. "Sasa maji yamekupandia wewe. Vumilia, mtani. Mimi nikipona nitakutengenezea jeneza zuri, mninga mtupu."

"Nikifa wewe umepona?"

"Lazima mmoja apone, la sivyo hospitali itapata jina baya."

Wiki iliyofuata Skolastika alirudi kutoka nyumbani, alikokwenda kuchukua unga. Alikaa ukingoni mwa kitanda bila kufungua kapu.

"Eufrasia hayupo," alisema. "Kasiani aliita ukoo. Wamesema amekuwekea kitu kwenye maharage. Wamemrudisha kwao Mpepai, na tumbo lake la miezi mitano."

"Damasi je?"

"Damasi aliangalia chini." Akasogeza kapu kando. "Kasiani anasema wewe mwenyewe umemtaja."

"Sikumtaja."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nilikula kwake."

Alinitazama. Tumeishi pamoja tangu ujana, tumezika watoto wawili pamoja. "Na kabla ya kula kwake," aliuliza, "ulikula nini?"

Niligeukia ukutani. Nilimwambia nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka.

Alhamisi Kuu, mchana, maji yaliingia mapafuni. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nakaa nimeegemea mito, maana kulala chali nilishashindwa siku tatu kabla, na ghafla pumzi ikawa fupi, kisha fupi zaidi, na kifuani nikasikia sauti ya kuchemka. Mate ya povu jekundu yalinitoka. Salehe alikuja mbio akiwa na mipira ya kufungia. Alinifunga mapaja mawili na mkono mmoja, akaacha mmoja, kisha akawa anahamisha, huu anaufungua, ule anaufunga, ili damu ibaki miguuni na isirudi yote kwa pamoja kwenye moyo uliozidiwa. Miguu ilikuwa mizito na ya zambarau. Alichoma sindano. Skolastika alishika kichwa changu, akasali kwa sauti, na niliona midomo yake lakini sikumsikia.

Niliona kwamba nakufa na Eufrasia bado anaitwa mchawi. Hivyo ndivyo ingebaki. Ningezikwa, na wajukuu wangeambiwa jina lake.

Nilisema, "Mrututu."

Salehe aliinamisha sikio.

"Nilikunywa mrututu. Mwenyewe."

Hakukasirika. Alihamisha mpira kutoka mguu wa kulia kwenda mkono wa kushoto. "Ungeniambia siku ya kwanza," alisema.

"Ungefanya nini?"

"Labda hakuna zaidi ya hiki. Lakini ningejua."

Skolastika alikuwa amesikia. Hakuacha kunishika kichwa. Ila sala aliiacha katikati.

Jumatatu ya Pasaka nilikojoa. Kidogo, kisha zaidi, na baada ya siku chache zikawa chupa tatu, nne, mkojo mweupe kama maji. Mzee Yohana alipiga makofi juu ya blanketi. "Wagalatia, mto umefunguka! Jengeni daraja!" Alifariki Ijumaa ya wiki hiyohiyo, asubuhi, uji wake ukiwa bado una moto. Walimfunika shuka, nami nikalala pembeni yake hadi watoto wake walipokuja. Nilimshukuru Mungu kwa mkojo wangu na sikuona haya.

Nilikaa hadi Pentekoste. Nilikuwa nimekonda hata pete inaanguka, ngozi inabanduka, nywele zinatoka kwenye kitana. Siku ya kuondoka Salehe alinifunga mkono kwa kipimo cha presha, akapima mara mbili.

"Nimepona?" niliuliza.

"Figo zimerudi, sehemu kubwa. Presha haijashuka. Moyo umebeba mzigo ule wiki tatu, sijui umebaki vipi. Chumvi usile. Vidonge usiache. Kila mwezi uje." Alikunja kipimo chake. "Na nyumbani, utawaambia?"

"Nitawaambia nikifika."

Nilifika nikakuta mbuzi amechinjwa. Kijiji kizima kilikuja. Kasiani alisimama mbele ya watu na machozi yalimtoka, akasema, "Mdogo wangu amerudi. Aliyetaka kumla ameshindwa." Watu wakapiga vigelegele. Wakaniletea nyama iliyokolea chumvi, katika bakuli kubwa, nikiwa nimekaa katikati yao.

Nilikula nyama ile, na sikusema.

Damasi alikuwa amekaa karibu na moto. Hakugusa chakula. Nilimwona.

Nilijidanganya kwa mambo mawili wakati mmoja. Nilijiambia kwamba mkojo unatoka, basi ugonjwa umekwisha. Na kwamba Eufrasia yuko kwa wazazi wake, anakula, ana paa, basi ukweli unaweza kungoja nipate nguvu. Vidonge vilipokwisha sikuvifuata. Mwezi wa kwanza nilikuwa na sababu, wa pili nilikuwa na sababu nyingine.

Mavuno ya kahawa yalipopamba moto, miguu ilianza kuvimba tena. Nikibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Njia ya kwenda kanisani, niliyoipanda miaka yote nikiimba, nilikaa mara tatu. Sista wa zahanati alinipima presha, akaita mwenzake aje aone. Nikateremshwa tena ziwani, benchi lilelile la saruji.

Salehe alinisikiliza kifuani, mbele na nyuma. "Mkojo wako mzuri," alisema. "Ni moyo, mzee. Umetanuka. Na mishipa imekakamaa. Watu wengi wanadhani figo zikiamka mambo yamekwisha. Zinalala siku chache, moyo ndio unaokesha. Baadaye zinaamka, na moyo haupati usingizi wake tena."

"Utapona?"

"Ukiutunza, utakwenda nao polepole. Milima uache."

Nilimwambia kwetu hakuna njia isiyo mlima. Alisema anajua, amekuja huku mara moja kuchanja watoto na alitamani kulia.

Nilirudi Oktoba, na habari niliyoipokea mlangoni ni kwamba Eufrasia alijifungua mwezi wa saba, mtoto wa kiume, na mtoto huyo alikufa kwa homa mwezi wa tisa. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeshika jembe kwenye kaburi lake. Hata Damasi, baba wa mtoto, hakwenda, kwa kumwogopa Kasiani.

Sikukuu ya Watakatifu Wote, baada ya kusoma masomo, nilibaki mbele. Nilisema nilikunywa mrututu wa kijiji kwa mkono wangu, Ijumaa ya Kwaresima, kabla sijala chochote kwa mtu. Nilisema nililijua hilo siku zote. Niliweka ufunguo wa stoo juu ya meza.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyesimama kwanza. Nilidhani atasema habari ya mali ya ujamaa. Alisema, "Mrututu si kitu, Katekista. Tutanunua mwingine. Je, yule mama?"

Damasi alitoka nje kabla ya wimbo wa mwisho. Walisema walimwona anakwenda Mpepai na nguo za siku ile tu. Kasiani alikuja nyumbani kwangu jioni, akasimama uani. "Umenifanya mimi ndiye mchawi," alisema, akaondoka. Ukatekista niliuacha kabla Padre hajaniambia niuache, naye hakunibembeleza.

Majilio nilikwenda Mpepai. Skolastika alibeba mkeka, vidonge na kibuyu cha maji, nami nilibeba fimbo. Nilipumzika mara saba. Kila mara nilikaa hadi moyo uache kupiga masikioni, ndipo ninainuka. Tulilala njiani kwa watu wema na kufika siku ya pili saa sita.

Eufrasia alikuwa anapembua maharage. Hakusimama.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama."

Nilisema niliyokuja kusema. Niliyasema nikiwa nimepiga magoti, ingawa kwetu mtu wa umri wangu hampigii magoti mke wa mdogo wake, na Damasi alisogea kuniinua, Eufrasia akamkataza kwa mkono. Aliendelea kupembua hadi nilipomaliza.

"Ulipokula matonge yangu matatu," alisema, "ulikuwa tayari unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulipokula mbuzi?"

"Nilikuwa najua."

Aliinuka akaingia ndani. Akatoka na togwa katika kibuyu. Kwa desturi mwenye kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakuna kitu. Alionja. Hakuonja kidogo. Alikunywa hadi nusu huku ananitazama, koo lake linapanda na kushuka, kisha akafuta mdomo akanipa.

"Nimekusamehe kwa sababu nimeagizwa na Mungu," alisema. "Kuuma bado kunauma. Na Kitura sirudi. Kama mume wangu ananitaka, ataishi hapa."

Nilikunywa nusu iliyobaki. Damasi anaishi Mpepai hadi leo.

Tangu hapo ni miaka mitano. Vidonge sijaacha hata siku moja, na chumvi nimeisahau ladha yake. Kila Majilio nakwenda Mpepai, ingawa Salehe amekataza na Skolastika hukasirika, kwa sababu pale kuna kaburi ambalo sikuwepo lilipochimbwa, na nimejipangia kulifyeka majani mwenyewe maadamu naweza kuinama. Hapo ndipo ninapoupima moyo wangu, ndugu zangu, kuliko kwenye kipimo chochote. Mwaka wa pili nilipumzika mara tisa. Mwaka wa tatu mara kumi na mbili. Mwaka uliopita mara kumi na sita, na midomo yangu ilikuwa ya buluu, Skolastika aliniambia.

Mwaka huu, niliposhindwa na kukaa mara ya kumi na tisa, kilima cha mwisho kilikuwa bado chote. Nilikaa nikishika kifua, nikatazama juu, nikajua kwamba hapo sitapita. Skolastika alitandika mkeka.

Halafu tulimwona mtu anateremka kutoka juu, haraka, na jembe begani na kigoda mkononi. Alikuwa Eufrasia. Aliniwekea kigoda chini ya kivuli cha mwamba, akanisubiri nipate pumzi ya kuitikia salamu yake.

"Majani nimekwisha kufyeka," alisema. "Kaa hapohapo, shemeji. Mwaka huu nateremka mimi."